Siku Tisa za Kufuata Kivuli, Kutoka Mfereji wa Mabogini

Siku ya 1. Jumamosi, 28 Septemba. Mabogini

Nimeshusha vigae sita majini asubuhi hii, jua likiwa bado changa. Ni vigae vyeupe vya bafuni, vilivyobaki mama alipojengewa choo. Kila kimoja nimekifunga kwa waya juu ya jiwe ili mkondo usikichukue. Vitatu viko chini ya mikuyu miwili iliyosimama kando ya mfereji wetu wa kumwagilia mpunga. Vitatu viko hatua 80 mbele, mahali pasipo na mti hata wa kutundikia shati. Maji ni yale yale: yanapita kwanza kivulini, kisha yanatoka juani. Nitavirudia Jumapili, 6 Oktoba, nione nini kimeota kivulini na nini juani.

Sababu ya haya yote ni kikao. Jumanne ya wiki ijayo inayofuata, tarehe 8 Oktoba, wenye majaruba wa upande wetu watakaa kuamua kama mikuyu hii ikatwe. Hoja za wanaotaka ikatwe si za kubeza. Mizizi imepasua zege la mfereji sehemu mbili. Mpunga ulio karibu na mti unachelewa kuiva kwa sababu ya kivuli. Majani yanaziba lango la maji. Tena kuna kwelea kwelea, ndege wanaokula mpunga, ambao watu wanaamini wanalala humo.

Mjomba wangu, ndiye anayegawa maji upande wetu msimu huu, yuko kwenye kundi hilo. Mama yuko upande wa pili, na hoja yake ni moja tu. "Tangu nimeolewa hapa," ananiambia, "huu mfereji nausafisha kuanzia pale jua linapoanzia. Chini ya mkuyu sijawahi kuingiza kwanja."

Nimekwenda kutazama nikiwa na sentensi hiyo kichwani, na mama yuko sahihi. Chini ya mikuyu sakafu ya mfereji inaonekana: mchanga, majani makavu, tini zilizooza, samaki wadogo. Kivuli kikiisha, yanaanza majani ya majini. Ya kwanza ni machache yaliyojitenga, halafu yanakuwa mkeka, halafu mfereji mzima ni nywele ndefu za kijani zinazolala kufuata mkondo. Hatua 80 tu, na maji yanayojaza mashimo ya majaruba ya mbele yanapita kwa kusukumana.

Nataka nijue kama hii ni kazi ya kivuli kweli au ni jambo jingine, sakafu, mkondo, au mbolea. Kwa hiyo nitapanda mpaka yanakotoka maji haya, kisha nishuke nayo.

Siku ya 2. Jumapili, 29 Septemba

Ibada, chakula, daladala hadi Moshi mjini, nyingine hadi Uru, mteremkoni mwa Kilimanjaro. Nimelala kwa binamu. Huku juu usiku ni baridi na migomba inapiga makofi dirishani.

Siku ya 3. Jumatatu, 30 Septemba. Ukingo wa msitu

Tumepanda na binamu tangu saa kumi na mbili asubuhi. Tumepita mashamba ya mwisho tukafika ule ukanda wa msitu ambao wenyeji bado wanauita Nusu Maili. Ulitengwa mwaka 1941 ili wanavijiji wapate kuni na mbao bila kuingia msitu wenyewe. Msitu wa juu yake ulijumuishwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, kwa hiyo hatukuvuka. Hatukuwa na haja ya kuvuka, kwani kijito tulichokitaka kinatoka chenyewe.

Giza la humo si la kufikirika. Nimetoa simu nikafungua programu ya kupimia mwanga. Nje, kwenye njia, namba ilikuwa juu sana. Nilipoinama juu ya maji chini ya miti ilianguka ikabaki sehemu ndogo kabisa ya ile ya nje. Nimerudia mara tatu nikidhani simu ina kasoro.

Katika kijito hakuna jani la majini hata moja. Hakuna zile nywele za Mabogini wala utepe wowote wa kijani unaocheza na mkondo. Kilichopo ni zulia laini la kijani kibichi lililoshika mawe, mimea midogo isiyo na mizizi ya kweli, inayoridhika na mwanga haba. Mawe mengine yana utando mwembamba wa kahawia, nao unateleza kuliko sabuni.

Hapa inafaa niseme mti unafanya nini hasa. Jani la mti linapokula mwanga linachukua zaidi nyekundu na bluu, rangi ambazo mmea huzitumia kutengeneza chakula. Mwanga unaopenya hadi chini umebaki na kijani kingi, pamoja na ile nyekundu ya mbali ambayo jicho letu halioni. Kwa hiyo mmea ulio majini unapata mwanga mchache, na huo mchache nao umekwisha kuchujwa. Mmea unapumua usiku na mchana, na kupumua ni matumizi, wakati mwanga ndio kipato. Kipato kikishuka chini ya matumizi siku baada ya siku, mmea unakula akiba yake mpaka unakwisha. Hauhitaji kung'olewa na mtu.

Kijito hiki hakina njaa, hata hivyo. Binamu ameinua jiwe akamwonyesha mwanawe kaa wa maji baridi, mdogo, mweusi, akiwa na kipande cha jani gandoni. Hao kaa na wadudu wa chini ya mawe wanakula majani yanayodondoka kutoka juu. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Robin Vannote waliandika jambo hili kwa mpangilio. Walisema mto mwembamba wa juu, uliofunikwa na miti, hulishwa na majani ya miti. Unapopanuka na jua likaingia, huanza kujilisha wenyewe kwa mimea na mwani wake. Ukifika chini, mkubwa na mchafu wa tope, hurudi kutegemea kinachotoka juu. Nimeikumbuka hoja hiyo nikiwa nimechuchumaa na miguu imekufa ganzi kwa baridi ya maji. Nimeona kwamba safari yangu ni hiyo hiyo, kwa daladala.

Siku ya 4. Jumanne, 1 Oktoba. Migombani

Siku ya leo imenibadilisha mawazo, kwa hiyo nitaiandika kwa urefu.

Tumeshuka na mfongo mmoja, mfereji wa asili uliochimbwa na wazee zamani sana, unaotoa maji mtoni na kuyazungusha mashambani kwa mteremko tu. Juu yake kuna migomba, chini ya migomba kuna mibuni. Juu ya vyote imesimama miti mirefu iliyoachwa makusudi, miruka na miringaringa, na penye unyevu zaidi msesewe, ule ambao ganda lake huingia kwenye mbege, pombe ya ndizi. Kivuli cha huku kina matundu. Jua linashuka kwa madoa, na madoa yanatembea juu ya maji kadiri saa zinavyokwenda.

Na humu majani ya majini yapo. Yamesimama kwa mafungu mafungu, fungu hapa, hatua tano hakuna kitu, fungu tena. Maji yanapita katikati bila kukwama. Nimekaa nikitazama doa moja la jua tangu saa nne hadi saa sita. Lilianza kwenye jiwe, likapita juu ya fungu la majani, likaenda ukingoni. Fungu lile limepata labda saa moja na nusu ya jua kamili kwa siku nzima. Linaishi, ila halina nguvu ya kuufunika mfongo.

Nimemkuta mzee anayesimamia mfongo huo, wenyewe humwita meni mfongo. Nimemwamkia, "Shimbonyi, meku," akafurahi, akaniuliza mimi ni wa nani. Nilipomweleza habari ya mikuyu ya Mabogini aliniuliza kwa nini tunazungumza habari ya kukata au kuacha tu.

"Kahawa," akasema, "ukiiweka juani kabisa inazaa sana miaka michache halafu inachoka. Ukiifunika kabisa, inakuwa majani matupu. Kwa hiyo unapanda juu ya mruka na panga, unapunguza tawi hili, unaacha lile. Kila mwaka. Maji nayo ni hivyo hivyo. Mimi huo mfongo naupunguzia kivuli kama kahawa."

Akanionyesha tawi lililokatwa mwaka jana na fungu la majani lililoota chini ya uwazi huo. Halafu akanionyesha mahali jirani mmoja alikata miti yote apate mbao. Ni kipande kifupi, kama urefu wa nyumba mbili. Mfongo pale umejaa. Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kila mtu anajua kwamba kipande hicho ndicho kitakachowachelewesha kurudi nyumbani.

Nimeuliza kama amewahi kuona kivuli kikizidi. Amesema ndiyo, mahali ambapo mti unafunika kabisa ukingo hauna nyasi, na mvua kubwa ikija udongo unashuka. Nimeliandika hilo mara mbili kwenye daftari. Mizizi ya mti mkubwa inashika kingo kwa ndani. Nyasi zinashika ngozi ya juu. Ukingo uliofunikwa moja kwa moja unabaki uchi.

Siku ya 5. Jumatano, 2 Oktoba. Msitu wa Rau

Msitu wa Rau uko pembeni kabisa ya Moshi mjini, hekta 570 hivi. Hausimami kwa mvua peke yake. Maji ya Kilimanjaro yanayopita chini ya ardhi yanaibuka hapa, na ndiyo yanayoulisha. Humo imo miti ya msoo, ambayo duniani haipatikani sehemu nyingi, hata jina lake la kisayansi ni *Oxystigma msoo*. Imo pia mivule ambayo ukisimama chini yake unalazimika kushika kofia. Maji yanayotoka upande huu wa Rau na chemchemi za Njoro ndiyo yanayokwenda skimu yetu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa fedha za Japani.

Nilikuwa nimeipanga siku hii kwa sababu ya jua. Moshi iko nyuzi 3 na ushei kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Leo, saa sita na dakika ishirini mchana, nimesimika fimbo kwenye uwazi wa njia. Haikuwa na kivuli. Nimeipiga picha, binamu akasimama kando yake, naye kivuli chake chote kilikuwa chini ya viatu.

Ndipo nimeelewa kitu ambacho vitabu vya Ulaya havingenifundisha. Huko jua hukaa upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo ukitaka kuufunika mto unapanda miti ukingo wa kusini. Kwetu jua linakwenda mashariki hadi magharibi karibu juu ya kichwa, likiegemea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba. Mto unaotiririka kutoka kaskazini kwenda kusini, kama hii inayoshuka mlimani, hupata kivuli cha ukingo wa mashariki asubuhi na cha ukingo wa magharibi jioni. Jua kamili linaugusa saa chache tu za adhuhuri. Lakini mfereji ulionyooka mashariki kwenda magharibi, jua linatembea juu yake kama gari juu ya barabara, kutwa nzima. Miti iliyosimama kingoni tu haitaufaa sana. Inabidi matawi yavuke yafunike maji yenyewe.

Mfereji wetu wa Mabogini, pale kwenye mikuyu, unakwenda mashariki hadi magharibi.

Jambo la pili la leo ni dirisha. Ndani ya msitu tumefuata kijito safi, sakafu yake mchanga na majani makavu, hakuna mmea. Tukafika mahali ambapo mti mkubwa ulianguka, si wa jana, maana gogo limekwisha kuota uyoga. Juu pamefunguka mbingu kama paa lililong'olewa bati. Na pale majini, kuanzia mstari ambapo mwanga unaanza hadi mstari ambapo unaishia, kuna bustani. Kuna aina yenye majani marefu mfano wa utepe, jamii ya *Potamogeton*. Kuna nyingine yenye matawi membamba kama mkia wa paka, *Ceratophyllum*, ambayo haina mizizi kabisa. Baada ya hapo kivuli kinarudi na mchanga unarudi.

Maji ni hayo hayo, na mchanga na mkondo pia. Kilichobadilika ni paa. Nimekaa pale mpaka binamu akachoka kunisubiri.

Siku ya 6. Alhamisi, 3 Oktoba. Chekereni

Nimerudi bondeni, nikajiunga na watu waliokuwa wakisafisha mfereji wa wazi upande wa Chekereni. Sikuja kutazama tu. Nimeingia na reki.

Majani yakijaa, maji hayapotei. Yanasimama. Kina kinapanda upande wa juu, ukingo unavuja, wa mwanzo wanapata kuliko zamu yao, na wa mwisho wa mfereji wanapata tope. Ugomvi wa maji niliokua nikiusikia tangu utotoni, watu kufungua lango usiku, watu kushikana mashati, sehemu yake ilikuwa ni ugomvi wa majani haya. Sikulijua hilo. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa mbele yangu, shamba lake la mwisho kabisa, amesema amefanya kazi hii mara nyingi kuliko alivyopalilia mpunga wake.

Tena tunapoyakata, vipande vinaelea. Kipande cha *Ceratophyllum* cha urefu wa kidole kikikwama mahali kinaanza maisha mapya. Tulikuwa tunasafisha hapa na kupanda kule.

Mbolea nayo imo. Urea inayotoka kwenye majaruba inarudi mferejini, na mmea uliokwisha kupata jua ukiongezewa mbolea unakuwa kama mtoto aliyeonjeshwa sukari. Chini ya kivuli mbolea hiyo hiyo haiusaidii kitu, kwa sababu pungufu ni mwanga. Ila nisijidanganye: kivuli hakiiondoi mbolea majini. Kinaiacha ipite, iende kwa wa chini.

Na mimea hii ina wema wake. Mchana inatoa oksijeni, usiku inaipumua. Inachuja tope, inaficha samaki wachanga. Nimeona vifaranga vya perege vikikimbia tulipoinua mkeka wa majani, nikapata huruma. Lakini juu ya majani hayo hayo nimeona konokono wadogo, wengi. Konokono wanaobeba kichocho hupenda hivi hasa: maji ya taratibu, yenye jua, yenye majani ya kushikilia. Watoto watatu walikuwa wanaoga hatua ishirini kutoka hapo. Tumewatoa. Watarudi kesho, maana joto la bonde hili halimwambii mtoto asiingie majini.

Mikono yangu ina malengelenge.

Siku ya 7. Ijumaa, 4 Oktoba. Chemka

Boma Ng'ombe kwa basi, kisha bodaboda na vumbi mpaka chemchemi za Kikuletwa, ambazo wengi wanaziita Chemka. Ghafla katikati ya ukame kuna mikuyu iliyoingiza mizizi majini na maji ya rangi ya anga.

Nimekuja na sahani. Padri Mtaliano Angelo Secchi, mwanaastronomia, mwaka 1865 alizamisha sahani nyeupe baharini kwa kamba kutazama jicho linaiona mpaka kina gani, na kipimo hicho kinatumika mpaka leo. Yangu ni sahani ya bati, nyeupe, niliyoitoboa matundu matatu. Hapa nimeishusha mpaka ikakaa sakafuni na bado nilikuwa naona kovu la kutu ukingoni mwake.

Katika maji kama haya, kinachoamua mwanga wa mmea ni mti peke yake. Chini ya mizizi ya mikuyu pana mawe matupu. Kule maji yanakotoka kivulini kuelekea mtoni, kijani kinaanza. Samaki wadogo walininyonya vidole muda wote niliokaa. Watalii wengi, muziki mkubwa. Sikukaa sana.

Siku ya 8. Jumamosi, 5 Oktoba. Nyumba ya Mungu

Barabara ya Dar hadi Mwanga, kisha pikipiki kuelekea bwawani. Hapa ndipo mito ya Kikuletwa na Ruvu inapokutana, kwenye bwawa lililojengwa miaka ya 1960, na maji yakitoka hapa ndiyo mto Pangani. Maji ya majaruba yetu pia huishia huku.

Nimeomba kupanda mtumbwi wa mvuvi mmoja, kijana mpole, nikashusha sahani. Imepotea kabla mkono wangu haujazama kiwiko. Nimeivuta, nikaishusha upande mwingine, ni vile vile. Tope ndilo kivuli cha hapa. Mti wa ukingoni, hata ungekuwa mvule wa Rau, ungetupa kivuli chake hatua chache tu na kuacha bwawa zima wazi. Jua linapiga maji kutwa lakini haliingii. Mmea wa kuzama hauna nafasi kwenye kina. Unaofanikiwa ni ule unaosimama na kichwa nje, matete na mafunjo, ukiwa na miguu topeni na majani juani.

Nimewaza tope hili limetoka wapi. Limetoka kwenye kingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Leo tangu asubuhi nimeona nyanya, mahindi na maharage mpaka pale maji yanapoanzia. Siwalaumu wenye bustani, maana ndipo penye unyevu. Lakini ukingo uliolimwa unapoteza vitu viwili kwa pamoja: mti uliokuwa unafunika maji, na mizizi iliyokuwa inazuia udongo. Mtoni juu, kukosa mti kunaleta jua na majani yanajaa. Huku chini udongo wa ukingo ule ule unaleta giza na majani ya kuzama yanakufa. Nilianza safari nikidhani kivuli ni kimoja.

Jioni, tukirudi ufukweni, wingu la ndege limeshuka kwenye matete. Kwelea kwelea. Mvuvi amesema wanalala humo kila siku, kwenye matete na kwenye miiba. Nimemuuliza kama huwaona kwenye mikuyu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama samaki hulala mtini.

Siku ya 9. Jumapili, 6 Oktoba. Mabogini

Nimefika saa kumi alasiri. Mama na mjomba wote wamekuja mferejini, na nusu ya watoto wa jirani.

Kigae kimoja cha juani hakipo. Ng'ombe wamepita hapo kunywa, nyayo zao zinaonekana. Viwili vilivyobaki nimeviinua, na weupe umekwisha. Vimefunikwa nyuzi za kijani, ndefu kama nusu ya kidole, zikining'inia zikidondosha maji. Kimoja kilikuwa na konokono wawili.

Vya kivulini viwili vimepata utando wa kahawia, mwembamba, ambao mjomba aliufuta kwa kidole gumba na weupe ukatokea. Mama hakusema neno. Alinitazama tu.

Cha tatu cha kivulini kilitushangaza. Upande mmoja kahawia, upande mwingine umeanza kijani. Mjomba akasema basi kivuli chako kimeshindwa. Nikamwomba tusubiri. Tulikaa kwenye ukingo tukiongea habari za binamu na bei ya mchele. Kufika saa kumi na moja jua likashuka magharibi, likanyooka kwenye mfereji kama mtu anayechungulia mlangoni. Likapita chini ya matawi, likagusa pale pale kilipokuwa kigae cha tatu, nusu ya mahali pake. Lilikaa hapo karibu saa nzima.

Mjomba alinyanyuka, akarudi nyuma hatua kadhaa, akapima kwa jicho. Kisha akanionyesha tawi la mkuyu wa pili, lile zito linaloegemea majaruba na kufunika mpunga wa jirani. "Hili ndilo linalonyima mpunga jua," akasema, "na halifuniki maji hata kidogo. Na kule mwisho, magharibi, panataka mti wa tatu." Nikamsimulia habari ya mzee wa mfongo na panga lake la kila mwaka. Aliniuliza mara mbili alisemaje kuhusu matawi ya kupunguza.

Kuhusu mizizi iliyopasua zege nilikuwa sina jibu, nikamwambia hivyo. Akasema hilo anaweza kulizungumza na fundi: kuhamisha kipande kile cha zege ni kazi ya siku tatu, na kusafisha majani ni kazi ya kila msimu. Habari ya ndege alinisikiliza, akanyamaza, akauliza mvuvi huyo ni wa kijiji gani.

Sijui kikao kitaamua nini. Mjomba amechukua vigae vitatu, kimoja cha juani, kimoja cha kivulini, na kile cha nusu kwa nusu. Ameviweka kwenye karai lenye maji ya mfereji, akalisukuma chini kabisa ya mkuyu na kulifunika kwa jani la mgomba, visibadilike rangi kabla ya Jumanne.